Mkungu wa Funguo wa Shangazi

Shangazi yangu ni mtunza stoo wa kliniki, na funguo zake zote zilikaa kwenye pete moja: za stoo, za friji nne za chanjo, za geti, za milango ya nyumbani, za makabati, na mmoja wa sanduku lililoibwa zamani. Sisi tuliziita mkungu. Akitembea, ulimsikia kabla hujamwona. Ufunguo wa gari ulikuwa humo humo katikati, kama mgeni kwenye picha ya familia.

Gari lenyewe lilikuwa na tabia mbaya. Leo linawaka, kesho halitaki. Shangazi anazungusha ufunguo, taa za dashibodi zinawaka vizuri kabisa, halafu: tik. Kimya. Mara ya pili, tik. Mara ya sita linanguruma kana kwamba hakuna kilichotokea.

Alishachelewa kazini mara mbili. Mkuu wa kliniki akamwambia mbele ya wauguzi: ukichelewa ya tatu, funguo za stoo atapewa karani mpya. Funguo alizobeba miaka kumi na tisa!

Fundi alikuwa ameshabadilisha betri, akabadilisha starta, akasafisha waya zote. Lakini gereji gari halikugoma hata siku moja. Aliliwasha mara ishirini, likaitika kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi.

"Mama, gari zima hili."

"Zima kwako! Kwangu limekufa!"

"Labda halikupendi."

"Na wewe nakaribia kutokupenda."

Mimi, niliyeiacha diploma ya umeme wa magari katikati, nikasema ni rilei, kile kidude kinachopeleka umeme kwenye starta.

"Nyamaza, nusu fundi," alisema shangazi.

Jumapili likagoma uani. Fundi akaja kwa miguu, na shati lake la kutokea. Shangazi alipomwona tu, akaanza kufanya alichofanya kila alipompelekea gari: kuuchomoa ufunguo wa gari kwenye mkungu, kwa kucha, huku akisonya.

"Mbona unautoa?" fundi akauliza.

"Fundi namwachia gari, simwachii nyumba."

Fundi akauchukua ule ufunguo mtupu, akazungusha. Gari likawaka. Shangazi akajipiga paja.

"Unaona? Linanidhalilisha!"

Fundi hakucheka. "Urudishe kwenye pete, mama."

Ukarudishwa: tik. Ukatolewa: vruum. Mara nne. Kisha akaupima mkungu kiganjani kama mtu anayechagua nyama.

"Huu uzito umekula swichi ya kuwashia miaka yote. Ukining'inia, ufunguo haufiki mwisho. Swichi mpya nitaleta Ijumaa. Mpaka hapo, ufunguo wa gari utembee peke yake."

Miezi mitatu tunahangaika, kumbe mgonjwa kila akienda kwa daktari anauacha ugonjwa nyumbani! Nikacheka. Nikatupiwa ndala.

Jumatatu saa moja na nusu shangazi aliketi, akazungusha, likawaka mara ya kwanza. Akanitazama kama vile amelitengeneza yeye. Dakika kumi baadaye tulikuwa kliniki. Akina mama na vichanga vyao walishapanga foleni, na mkuu alikuwa mlangoni akitazama saa, maana stoo hufunguliwa saa mbili kamili. Shangazi akaisogelea kufuli ya stoo kwa madaha, akanyoosha mkono, akajikuta ameshika ufunguo mmoja. Wa gari.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba asubuhi yote sijamsikia akitembea.

"Mezani," alisema, kwa sauti ndogo. "Kimbia, baba."

Gari liliwaka kila nilipoliomba. Msongamano barabarani, huo hauna swichi. Nilirudi saa mbili na dakika sita.

Mkuu hakugomba. Alinyoosha mkono tu, akapokea mkungu, akaanza kuchomoa funguo za kliniki. Pete ilikuwa ngumu, vidole vyake vinene. Alihangaika mpaka shangazi akashindwa kuvumilia, akamsaidia, kwa kucha.

Jioni, kilichobaki kwenye pete kilikuwa chepesi cha kuchezewa na mtoto. Shangazi akaurudisha ufunguo wa gari humo, akazungusha. Likawaka. Akazima, akazungusha tena. Likawaka.

"Mwambie fundi," alisema, bila kunitazama, "swichi asilete."