Sweta Ambayo Hakuna Aliyeifuma

Mara ya kwanza mama alipoifumua ile sweta nilinyamaza. Mara ya pili niliuliza kuna nini, akasema uzi umekaa vibaya. Mara ya tatu nikafoka. Nilikuwa na mtoto mgongoni na mikono imejaa povu la sabuni, nimesimama mlangoni naangalia kazi ya siku nzima inarudi kuwa uzi, umejikunjakunja miguuni pake kama tambi, na mteja anasubiri.

"Mama! Unafuma au unacheza?"

Hakuniangalia. Aliendelea kuvuta uzi taratibu na kuuzungushia kwenye kiganja.

"Subiri kidogo," alisema. "Nitakumbuka."

Sikumuuliza anataka kukumbuka nini. Nilirudi kwenye beseni nikazipiga nepi kama zimenikosea.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Kasense mwaka uliotangulia, mtoto akiwa na miezi minne. Baba yake yupo mahali. Kila baada ya wiki mbili ananiandikia "mambo", na mimi sijibu, kwa sababu mambo anayajua. Mama alinipokea begi, akampokea mtoto, akamtazama usoni muda mrefu, kisha akasema, "Karibu, mume wangu. Umechelewa." Basi. Mpaka leo hajawahi kuniuliza la zaidi. Kesho yake mume wake alikuwa na kofia mpya ya sufu, na keshokutwa soksi.

Mama anafuma tangu yuko msichana. Walimfundisha watawa wa misheni, na anasema ukikosea kitanzi kimoja ulikuwa unafumua mpaka ulipokosea, hata kama ni mgongo mzima. Huku kwetu juu baridi haina mzaha. Mwezi wa sita unakutana na mtoto mchanga njiani unaona pua tu. Nusu ya watoto wa mtaa wetu wamelala ndani ya sweta za mama. Zamani alikuwa anazipeleka sokoni mwenyewe, amezipanga kwenye beseni kichwani, lakini goti limeanza kumsumbua, nikamwambia tulia, nitaziuza kwa simu. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Kama hakuna kingine nilichopata shuleni, ubishi nilipata.

Nikapiga picha. Nilitundika sweta mlangoni, nikapiga, ikatoka sweta, na mlango uliobanduka rangi, na ufagio, na mguu wa kuku. Nikaposti. Mtu mmoja wa sijui wapi akaandika: "Hiyo ni sweta au dekio?" Nilichomjibu siwezi kukiandika hapa. Nikapiga nyingine, nyuma nimeweka shuka. Upepo ukaiinua shuka, ikaonekana kama sweta inataka kuruka. Nikapiga nyingine mama ameishika pindo isipepee. Watu wakauliza mbona giza.

Nina rafiki anauza viatu Majengo, siku hiyo nilikwenda kumlilia shida. Alicheka mpaka akakalia maboksi.

"Shoga, bado unaposti picha mbichi? Hebu lete simu."

Akanionyesha programu. Hiyo inayoitwa akili mnemba. Unaweka picha yako, unaandika unachotaka kama unavyomtuma mtoto dukani, unasubiri, inakuletea. Niliandika: ondoa shuka, weka ukuta msafi, sweta ionekane mpya. Nikaweka ile picha ya sweta nyeupe ya minyororo, ile ambayo mama anaifuma mbele ina mistari iliyosokotana kama misuko ya nywele. Picha iliporudi nilipiga kelele katikati ya viatu. Ukuta mweupe, mwanga kama wa asubuhi, meza ya mbao, sweta imetulia juu yake kama imezaliwa hapo. Hata mkono wa mama uliokuwa umeshika pindo haukuwepo. Nilidhani imefuta vumbi na mkono, basi. Picha mbichi nikaifuta, simu ilikuwa imejaa.

Mama alipoiona aliisogeza simu mbali na macho, kisha karibu, kisha mbali tena.

"Mmh. Imependeza. Umeifanyaje?"

"Nimeondoa ukuta tu, mama."

Alitabasamu. Nakumbuka lile tabasamu kwa sababu lilikuwa na aibu kidogo, kama mtu aliyesifiwa mbele za watu.

Watu walipenda. Wiki hiyohiyo sweta yenyewe ilinunuliwa na mgeni wa jirani yetu akaondoka nayo Mbeya. Kisha akaandika mwalimu mmoja wa Namanyere, mwanawe anabatizwa Jumapili ya wiki inayofuata, anataka hiyohiyo. "Kama ilivyo kwenye picha," aliandika. "Isipungue hata kifungo." Nikamwambia mama. Akaniomba nimwachie simu aone ile minyororo vizuri, kwani mwalimu ni mtu wa kukagua. Nikamwachia.

Ndiyo zikaanza hizo siku nne. Anafuma mpaka kifuani, anaweka simu pajani, anahesabu, anafumua. Chai inapoa. Anaacha kumwimbia mtoto. Mtoto anamvuta gauni, na yeye anampapasa kichwa bila kumtazama, na mimi naona wivu kwa niaba ya mwanangu na kuhesabu siku zilizobaki kufika Jumapili kwa hasira. Jirani alipita akatania, "Leo bibi kafunga mdomo, mume kakuudhi nini?" Mama hakujibu. Mama yangu! Asiyeachia utani upite hata kanisani.

Siku ya nne mchana niliingia nikamkuta amekaa kitandani. Sindano ziko mapajani hazina uzi. Uzi wote ameuviringisha ukawa donge, ameuweka pembeni kwa adabu, kama chombo cha kurudishwa kwa mwenyewe. Nilikuwa nimekuja na maneno tayari mdomoni. Yeye akaanza.

"Kaa."

Nikakaa.

"Bibi yako alianza hivihivi."

"Alianza nini?"

"Alianza na chumvi. Alikuwa anatia chumvi kwenye mboga mara tatu. Tukacheka. Kisha akasahau kusuka ungo, anashika matete anayaangalia. Kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani." Alikunja kitambaa cha kichwa, akakikunjua. "Hii sweta niliifuma mwenyewe, si ndiyo? Mwezi uliopita tu. Sasa naiangalia sijui nilipitaje. Mikono haijui. Nimejaribu kila njia."

Nilizisogeza sindano mapajani pake zisianguke.

"Ninachokuomba ni kimoja," alisema. "Ikifika siku nikakuuliza wewe ni nani, usinifokee kama unavyonifokea siku hizi. Nijibu tu. Hata kama nitauliza tena."

Mtoto alikuwa sakafuni anatafuna kona ya kanga yangu. Nakumbuka kona ile ilivyolowa. Niliiangalia hiyo kwa sababu sikuweza kumwangalia yeye.

Kisha alichukua simu, akashika sindano moja, akaanza kunionyesha kwenye kioo kwa ncha yake, kama mwalimu ubaoni.

"Hesabu. Huku juu minyororo mitano. Fuata huu wa pembeni. Shuka nao. Umefika tumboni, uko wapi? Hakuna. Imebaki minne, na vitanzi havikupunguzwa popote, mmoja umezama tu. Sasa njoo huku. Huu unaingia kwenye mwenzake, hautoki. Tazama vifungo. Vifungo viko kushoto. Matundu yake?"

Nikatazama. Kwa mara ya kwanza tangu niiposti nilitazama sweta, si picha. Matundu ya vifungo yalikuwa kushoto vilevile, chini ya vifungo. Upande wa kulia hapakuwa na kitu. Sweta ile isingefungwa na mtu yeyote duniani. Mkono mmoja ulikuwa na ukingo wa mistari, mwingine hauna. Na pindo, pale ulipokuwa mkono wa mama, palikuwa na maua madogo ambayo mama hajawahi kuyafuma maisha yake yote.

"Mama," nilisema. "Hii hukufuma wewe."

"Kafuma nani?"

"Hakuna."

"Hakuna nani?"

"Hakuna aliyeifuma. Ni simu. Niliiambia isafishe picha, yenyewe ikachora sweta nyingine juu ya ya kwako. Haijui kufuma. Inajua tu sweta huwa zinafananaje."

Alinitazama kama namtania na utani wenyewe hauna ladha. Nikafungua sehemu ya picha zilizofutwa, nikapekua, namwomba Mungu na kuitukana simu kwa pumzi moja, nikaipata. Sweta, shuka, kipande cha ukuta, na mkono wa mama umeshika pindo, kidole chenye kovu la panga kinaonekana vizuri.

Mama aliivuta simu karibu. Sindano ikapita polepole juu ya kioo. Mmoja, miwili, mitatu, minne, mitano. Akashuka chini kabisa. Mitano.

"Huyu ndiye mimi," alisema.

Akainuka akatoka nje. Nilimsikia anawamwagia kuku pumba, na hakuwa anawaita kama kawaida yake. Nilibaki namkumbatia mtoto ambaye hakutaka kukumbatiwa. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Siku nne," alisema. "Siku nne nimekaa najiaga."

Mtu yeyote mwingine angenipa maneno hayo ningemrudishia. Nilisema, "Nisamehe, mama." Nilisema tena. Nadhani sikuwahi kulisema neno hilo mara mbili mfululizo.

Alikaa. Alichukua simu tena, akairudisha ile picha nzuri, akaitazama kwa kisirani cha fundi.

"Matundu upande uleule wa vifungo," alisema. "Watawa wangeichapa vidole hii simu yako."

Kisha akaanza kucheka, na mimi nikaanza kulia, na mtoto akatutazama kwa zamu asijue amfuate nani.

Jioni ile nilimwandikia mwalimu wa Namanyere. Nilimtumia picha mbichi, na shuka yake na ukuta wake, nikamweleza ile ya kwanza si ya kweli. Akajibu haraka: "Kwa hiyo mlikuwa mnatudanganya?" Niliandika jibu refu lenye moto, la kwamba yeye ndiye aliyetaka ukuta mweupe, yeye na wenzake. Nikalifuta. Nikaandika: "Ndiyo. Mimi, si mama yangu." Kisha akauliza huo mkono ni wa nani. Nikamwambia. Akaandika: "Nifumie ya huyo. Ifike Jumamosi."

Mama aliimaliza kwa siku mbili. Hakutazama picha, hakutazama hata sindano. Alifuma huku anasimulia msiba wa mwaka jana, huku anamkemea mume wake aliyekuwa anakimbia na donge la uzi, huku ananiambia wali unaungua. Minyororo ilikuwa inashuka yenyewe. Mimi nilikaa karibu nikamenya njugu ambazo hakuna aliyeniagiza kuzimenya. Jumamosi alfajiri nilimpa kondakta wa basi la Namanyere mfuko, nikamtisha ipasavyo.

Programu bado ninayo. Inaniondolea mlango na ufagio, na nimejifunza kuiambia isiguse sweta, ingawa mara nyingine inagusa. Kwa hiyo hakuna picha inayotoka kabla mama hajaipitia kwa sindano yake. Kioo cha simu kina mikwaruzo sasa, nimeacha kulalamika.

Kilichobaki ni kitu kidogo. Mama haamini tena picha. Juzi nilimpiga picha akiwa amempakata mtoto juani, wote wawili wamekunja uso kwa mwanga, nikamwonyesha. Akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Hii ni ya kweli au umeipitisha?"

"Ya kweli, mama."

Akaitazama. Akagusa shavu la mtoto kwenye kioo, kisha akageuka akagusa shavu lenyewe, kama anayelinganisha uzi. Baada ya muda akauliza tena.

"Hujaipitisha?"

"Sijaipitisha, mama. Ni wewe na yeye."

Nilimjibu polepole. Na alipouliza mara ya tatu, nilimjibu vilevile.