Beseni la Buluu Kivukoni

Walimwita Mzee Kimya. Hakuwahi kulikataa jina hilo, maana kukataa nako ni kusema.

Kazi yake hifadhini ilikuwa kusoma nyayo. Hakujua a wala be, lakini mwonyeshe alama moja kwenye vumbi, atakwambia ni ya nani na kapita saa ngapi. Mkewe alikuwa mfagiaji. Kati ya nyumba za askari na mto palikuwa na ukanda wa mchanga, mpana kama barabara. Wanyama walivukia hapo kwenda kunywa maji. Kila jioni mke aliufagia akirudi kinyumenyume, asiache alama zake. Alfajiri mume alikuja kusoma nani kapita. Askari waliuita ukanda ule Kitanda, kwa kuwa kila siku lazima utandikwe.

"Mama katandika, Mzee kaamka," walitania. "Ndoa ya watu wawili na tembo arobaini."

Kivuko chenyewe kilikuwa cha zamani kuliko hifadhi. Bibi ya mkewe alizaliwa hapo, zamani palipokuwa kijiji. Wanakijiji hawakulima kwenye njia ya tembo, waliwaachia wapite. Kisha vikaja vigingi vya mpaka, watu wakahamishwa, wanyama wakabaki. Mke hakulisema sana jambo hilo. Alisema tu, "Nafagia uwanja wa bibi."

Akimaliza, alivua kandambili akakanyaga mara moja, mguu wa kulia, mwisho kabisa wa mchanga, chini ya kigingi. Maana yake: kazi yangu imeishia hapa, kitakachoonekana juu yake ni cha usiku. Mzee alianzia hapo kila alfajiri. Aliutazama unyayo ule, akasema, "Nimekuona," ndipo akaendelea.

Jioni moja mke alifagia, akakanyaga, akarudi nyumbani, akalala. Hakuamka.

Siku ya nne Mzee alikwenda kivukoni. Nyayo za wanyama zilikuwa zimepandana kila mahali, lakini ule wa mkewe chini ya kigingi ulikuwa mzima. Alirudi nyumbani, akachukua beseni la plastiki, akaenda kuufunika. Akaweka jiwe juu.

Beseni lilikuwa la mkwe wake, mke wa mwanawe, aliyekuja msibani pamoja na mtoto wake, kisha akabaki kumpikia.

"Baba, beseni langu la buluu hujaliona?"

"Mm."

"Mm ya ndiyo au mm ya hapana?"

"Mm."

"Haya. Limeota miguu basi."

Mkuu wa askari, ambaye Mzee ndiye aliyemfundisha kazi, hakutaka kumsumbua mfiwa. Wiki tatu zikapita, Kitanda hakijafagiwa.

Ndani ya wiki hizo tembo wakaanza kupita nyuma ya nyumba. Mara ya kwanza walivunja uzio wa jiko. Mara ya pili akaja nyati, kumepambazuka, akapitia kwenye kamba ya nguo akaondoka na gauni la mkwe kwenye pembe.

"Gauni langu la kutokea!" alipiga kelele mkwe. "Sasa yeye anakwenda nalo wapi, harusini?"

Watu walicheka. Kisha mkwe akaketi chini. Mjukuu alikuwa bombani muda ule. Hatua kumi toka kwenye kamba ya nguo, si zaidi.

Mkuu alikuja asubuhi hiyohiyo, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Miaka yote wanavukia kwenye Kitanda. Leo wanapita majikoni. Mimi nimetazama huku nyumbani tu, sijaona kitu. Nenda kivukoni ukanisomee."

Alikwenda peke yake. Hakuchukua muda. Nyayo zilitoka kichakani zikafika ukingoni mwa mchanga, zikasimama. Miguu ya mbele ilizama, kisha ikageuka. Tembo hivyo, nyati hivyo, hata swala. Upepo ukavuma, beseni likagonga jiwe, ko, ko. Mzee mwenyewe ndiye aliyewafokea vijana wote wasiache hata kopo njiani, mnyama hapendi kitu ambacho jana hakikuwapo.

Akaketi. Angeweza kusema ni majani yamekauka upande huu. Mkuu angeamini. Akamkumbuka mtoto bombani.

Akaondoa jiwe, akainua beseni.

Wiki tatu alikuwa ameufunika unyayo ule asiusome. Sasa akausoma. Kisigino hakikugusa vizuri. Uzito wote ulikuwa upande wa nje, vidole vimeng'ang'ania mchanga. Kando yake palikuwa na kitundu cha duara, cha mpini wa fagio. Mkewe alikuwa ameegemea. Aliumwa, na alimaliza kazi. Na usiku ule alisema tu mchuzi umepungua chumvi.

"Hukuniambia," alisema Mzee. "Nami sikukuuliza."

Aliketi hapo hadi jua likaanza kuinama. Fagio lilikuwa palepale kwenye kigingi. Alianzia mbali, akarudi kinyumenyume, mgongo ukimuuma, akashangaa mchanga ulivyo mpana. Alipofika kigingini, unyayo ulikuwa umebaki peke yake.

"Nimekuona," alisema.

Akafagia hapo taratibu kuliko kwingine kote. Kisha akavua viatu, akakanyaga mara moja, mguu wa kulia.

Alfajiri alisoma. Tembo wanne na ndama wao. Swala. Nyati mmoja, na kando yake mburuzo wa kitambaa hadi majini. Wote wamevuka.

Alirudi nyumbani na beseni kwapani. Mkwe alikuwa jikoni anawasha moto.

"Kumbe! Lilikuwa wapi?"

"Kwa mama."

Mkwe alimtazama. Alilipokea kwa mikono miwili, akalisuuza mchanga polepole, akaliinamisha ukutani likauke.

"Na gauni langu, baba?"

"Limevuka mto."