Mfuaji wa Kivukoni

Dympna Loughran alifuma kitani tangu usichana wake, na baada ya miaka yote hiyo kiwandani hapa Belfast, akiona doa kwenye nguo alijua limetoka wapi. Ndiyo maana mwanawe Malachy alipoleta shati na kusema damu ile ni ya pua, hakumuuliza neno. Alilifua uani kwa maji baridi na chumvi. Kesho yake mtaa ukasikia Eugene Toner amekutwa uchochoroni, amepigwa risasi. Watu wakanong'ona kwamba alikuwa akiwauzia askari wa Uingereza siri za wapiganaji wa mtaani.

Sasa walikuwa msibani kwa kina Toner. Jeneza liko wazi sebuleni, kioo kimefunikwa shuka, chai inazunguka. Malachy naye kaja, kanyoa ndevu. Dympna hakumwondolea macho.

"Haya, Gráinne," mzee mmoja akamwita binti wa Dympna. "Wewe na Kiayalandi chako. Tupe kitu, au kimeishia darasani?"

Msibani ukiombwa hukatai. Gráinne akasimama, akaghani shairi alilotunga mwenyewe. Kiayalandi cha Dympna kilikuwa cha kuokoteza, lakini kilitosha: mwanamke wa hadithi za kale yuko kivukoni mtoni, anafua shati lenye damu. Shujaa anauliza ni la nani. Lako, anajibiwa, wewe utakayekufa leo. Halafu mto unageuka kuwa mtaa wao, na magari ya jeshi yanapita ndani yake.

"Hongera, binti!" watu wakasema. Philomena, mama wa marehemu, akamsogelea Gráinne.

"Huyo mwanamke umemtoa wapi, mwanangu?"

"Wa zamani huyo, mama. Kabla hata Mtakatifu Patriki hajatuletea Ukristo."

"Ahaa." Na Dympna akaona, au alidhani ameona, macho ya Philomena yakimgeukia yeye.

Akamvuta binti yake jikoni, akafunga mlango.

"Unataka kutuua? Mbele ya Mama Eugene!"

"Nimefanya nini?"

"Usinizuge. Siku ile nikifua ulikuwa dirishani."

"Dirisha gani, mama? Hadithi ile tumefundishwa darasani. Kila mtu anaijua."

Dympna akaanza kutafuta vikombe vilivyokuwa mbele yake.

"Mama," Gráinne akasema taratibu, "ulikuwa unafua shati la nani?"

"Punguza sauti."

Lakini Gráinne alikwisha kuusukuma mlango kidogo. Kule sebuleni Malachy alikuwa ameinama, anapokea sahani ya mkate na nyama kutoka mikononi mwa Philomena, naye Philomena akimhimiza ale, eti amekonda mno.