Korosho za Marietha

Pale Somanga, mabasi yanaposimama abiria wanunue samaki wa kukaanga, kuna steshenari ndogo ambayo watu huiita kwa Marietha, ingawa nusu ya kazi hufanywa na Batuli. Marietha ni Mmatumbi wa milimani, Mkatoliki, mama yake Dismas, mwenye kicheko kinachovuka lami. Kompyuta yake ni kongwe. Wenzake walishahamia mashine mpya, yeye bado yumo na Windows 7, na ukimwambia aibadilishe atakuuliza kama wewe ulimtupa mama yako alipoanza kusahau mambo.

Kinachomfunga na mashine ile hasa ni mlango wake. Ukiiwasha, kabla hujaandika neno la siri, unakutana na picha. Mwanzoni ilikuwa picha ya bluu yenye kandege na majani, baridi kama sebule ya mtu asiyependa wageni. Fundi mmoja wa Kilwa Masoko alimwonyesha namna ya kuiondoa: unaingia ndani kabisa ya mfumo, unaweka picha yako na kuipa jina lile lile ambalo mashine inalitaka, na picha yenyewe isiwe nzito. Ikiwa nzito, mashine hailalamiki. Inarudisha bluu yake kimyakimya na wewe unabaki umekodoa macho. Basi Marietha akawa kapata mchezo. Krismasi aliweka pango la kanisani kwao, Idi akaweka sinia la pilau la Batuli, na kuna kipindi aliweka mbuzi wa jirani, bila sababu yoyote ile.

Juu ya picha kubwa hukaa vijipicha viwili, kila mwanamke na chake. Cha Marietha ni uso wake mwenyewe, meno yote nje. Batuli alikataa katakata uso wake utazamwe na kila anayekuja kutoa kopi, kwa hiyo Marietha alimpiga picha ya mkono uliotiwa hina, na huo mkono ndio Batuli.

Batuli ni wa pale pale Somanga, mtu wa pwani tangu mababu. Ndoa yake ilipovunjika, Marietha ndiye aliyemwambia, "Shoga, njoo tukae wote, mimi vidole vyangu vizito." Batuli alikuja, akachapa barua na kadi za harusi za watu bila hata kutazama herufi. Wakawa chanda na pete.

Sasa hapo ndipo ilipoingia kanga. Marietha aliiona kwa Majid, muuza nguo, akaipenda papo hapo: nyekundu na nyeusi, mji wake, pale katikati, umejaa korosho kubwa kubwa, zimenona kama za shamba la baba yake. Kwa Marietha, maneno ya kanga ni kama maandishi ya mfuko wa saruji, yapo tu. Aliitandaza mezani, akaipiga picha, akaipunguza uzito, akaiweka mlangoni. Alitaka Batuli akiwasha mashine asubuhi afurahi.

Batuli aliiwasha. Alitazama kidogo, akajitanda mtandio wake vizuri, akachukua mkoba.

"Nimeiona, Mama Dismas," alisema. "Ahsante."

Akaondoka. Marietha alidhani kichwa kinamuuma. Kesho yake Batuli hakuja, wala keshokutwa, na simu ikawa inaita tu mpaka inachoka. Kadi za harusi zikarundikana, Marietha akizidonoa kwa kidole kimoja. Hilo angelivumilia. Lililomshinda ni chai ya saa nne, kukaa na vikombe viwili kwa mazoea na kunywa peke yake. Aliogopa, kusema kweli. Mashoga wa aina ile hawauzwi gengeni.

Aliyemfumbua macho ni mteja wao Mwanaasha, aliyekuja kuchukua kadi zake. Alipoiona ile picha alishika mdomo.

"Makubwa! Mtu mzima wewe, unamtangaza mwenzio hivi?"

"Nimemtangaza nani?"

"Si umeandika hapo?"

Marietha akainama, akasoma kwa mara ya kwanza: WEMA WANGU UMENIPONZA. Mwanamke uliyemkaribisha alipoachwa, umsimamishie neno hilo mlangoni, alipite kila siku akienda kazini! Pwani watu wameachana kwa maneno madogo kuliko hayo.

Jioni ile ile alikwenda. Batuli alikuwa uani anapeta mchele, hakuuacha ungo.

"Mwenzangu, mimi sikusoma," Marietha alisema.

"Mtu hununua kanga asisome jina?"

"Nilitazama korosho, Batuli. Haki ya Mungu."

"Neno umeliweka kwenye kanga, Mama Dismas. Ukilikanusha huku uani kwangu, nani kakuona? Karibu uketi." Akaendelea kupeta. Alikuwa na adabu zote, na adabu zile ndizo zilizomuumiza Marietha kuliko matusi.

Asubuhi akamvamia Majid, akamtandazisha duka zima, akitafuta kanga ya kuomba radhi. Alisoma kanga zote. Hii inamsema jirani, ile inamshukuru mama, nyingine inamwachia Mungu. Hakuna hata moja iliyotungwa kwa mjinga aliyepotezwa na korosho. Majid akamwambia basi atunge ya kwake mwenyewe, alisema kwa mzaha, naye Marietha akatoka mbio.

Alirudi kwenye picha ile ile. Akayafuta maneno kidogo kidogo, kama anavyofuta makovu kwenye picha za pasipoti, na mahali pake akaandika kwa herufi kubwa, kanga-kanga kabisa: BATULI RUDI, MIMI NILITAZAMA KOROSHO TU. Mara ya kwanza ikawa nzito, kandege kakarudi. Akaipunguza. Ikakubali. Kisha akaigeuza kompyuta ikatazama barabarani, asiingie mtu ndani ya mashine mpaka aliyeitwa afike.

Watu walisoma. Wauza samaki walisoma, kondakta akawasomea abiria wa dirishani, na kabla ya adhuhuri hapakuwa na nyumba Somanga ambayo haikujua. Batuli alifika mtandio umekaa upande, anahema. Alisimama mbele ya kioo cha kompyuta, akasoma neno kwa neno.

"Umeniweka njiani kama tangazo la kuku," alisema. "Mji mzima unajua nilinuna."

"Nisamehe, shoga yangu. Niifute?"

"Thubutu!"

Batuli akaigeuza kompyuta, akavuta kiti chake, akabonyeza mkono wenye hina, akaandika neno lake la siri. Marietha alikuwa analia waziwazi, huku anamimina chai kwenye kikombe cha pili.