Mama Alipokuja Kupiga Kura Uholanzi

Usiku ule wa kuamkia uchaguzi wa bunge, nililala televisheni ikiwa bado inasema chini chini. Vyama vilikuwa vingi hata nimeacha kuvitofautisha. Huyu anataka hiki, yule anataka kile, na wote wanakiri kwamba bila wenzao hawawezi kuunda serikali. Ilikuwa iwe kura yangu ya kwanza tangu nipate uraia wa Uholanzi, na sikujua nimpe nani.

Lakini lililoninyima raha si hilo. Nilikuwa sisemezani na dada yangu, Rehema. Yeye ndiye aliyetangulia huku, akaolewa, kisha akanihangaikia mpaka nami nikafika. Jumapili moja tukiwa kwake tunakula, akasema atapigia kura chama kinachotaka wageni wazuiwe kuingia.

"Binti yangu anatafuta nyumba ya kupanga mpaka amekonda," alisema. "Kila anakokwenda anakuta foleni. Nchi imejaa, Zaina."

"Dada, mlango huo unaotaka ufungwe ndio niliopitia mimi. Na aliyenifungulia ni wewe."

Akaweka kijiko chini. "Kwa hiyo hiyo ndiyo asante yako?"

Niliondoka chakula kikiwa bado sahanini. Tangu siku hiyo hakunipigia simu, nami sikumpigia.

Sijui usingizi ulinichukua vipi. Nilijikuta nimo katika ukumbi wa mazoezi wa shule ya mtaani kwetu, tunakopigia kura. Ukumbi ulinuka viatu vya mpira. Watu walikuwa wamejipanga kimya, kila mtu na koti lake, na mbele yangu kabisa amesimama Mama.

Mama alifia nyumbani kwetu Muheza, na mimi na Rehema ndio tuliomwosha. Nalijua hilo hata mle ndotoni. Nilijua kabisa kwamba amekufa, na bado nikaona uchungu kumkuta amesimama kwenye baridi ile na kanga tupu. Nilitaka kuvua koti langu nimfunike, ila vifungo vilikataa kufunguka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Hakugeuka. Alikuwa akiangalia mlangoni, kama anayesubiri mtu. "Dada yako yuko wapi?"

Nilitaka kusema yuko kazini. Foleni ikasogea. Pale mezani ameketi mwanamke wa Kizungu mwenye miwani, anamwomba Mama kitambulisho, na Mama anamnyooshea kidole ili kichovywe wino, kama alivyozoea nyumbani. Nikaona haya. Nikajisogeza nimweleze yule mwanamke kwamba huyu ni mgeni, hajui taratibu za huku. Lakini wanazungumza. Wanazungumza Kibondei, lugha ya kwetu, taratibu, wanacheka kidogo, na mimi ndiye nisiyeelewa hata neno.

Kisha nikapewa karatasi. Karatasi zetu za kura ni pana kweli, maana zina vyama vyote na majina ya wagombea wao wote, lakini ile ilikuwa haiishi. Naikunjua na bado ipo. Imefunika meza, imeshuka sakafuni, na sakafu si ya ukumbi tena, ni udongo wa uani kwetu Muheza, umelowa mvua. Michungwa ya jirani ile pale. Mama amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, ananiangalia ninavyohangaika. Nikishika pembe hii, ile inaburutika topeni. Nikikimbilia ile, hii inapeperuka. Majina yanalowa, yanachanganyikana, na kwa mbali nasikia mtu akitangaza kwa Kiholanzi kwamba kituo kinakaribia kufungwa.

"Nisaidie, Mama."

"Mimi nimeshamaliza kushika." Alisema polepole, bila hasira. "Hiyo haikunjwi na mtu mmoja. Mwite mwenzio."

"Dada hatuelewani, Mama. Anataka watu wafungiwe nje."

Ndipo aliponiinamia. Uso wake ulikuwa ule wa zamani, kabla ya ugonjwa, na macho yake yalinitazama kama mtu aliyesikia jibu la swali ambalo hakuuliza.

"Sikukuuliza anataka nini. Nimekuuliza yuko wapi."

Nikaanza kumtafuta Rehema. Naingia jikoni kwetu, natokea ukumbini. Napita nyuma ya vibanda vya kupigia kura, ndani ya kila kimoja kuna mwanamke amenipa mgongo, na kila mmoja ana mabega ya dada yangu. Naita jina lake. Wanageuka wote, na wote ni watu nisiowajua. Nikarudi mbio kwa Mama nimuulize basi kura nimpe nani, angalau anijibu hilo moja. Kinu kipo. Mama hayupo.

Nikaamka. Dirisha lilikuwa limeanza kuwa jeupe, na mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha. Nilikaa kitandani nikijaribu kuipanga ile ndoto, ikakataa kupangika. Nilichobaki nacho ni sauti ya Mama tu, kavu na ya karibu, kama amesema na kutoka chumbani sasa hivi. Nikachukua simu kabla sijaanza kufikiri.

Rehema alipokea mara moja. Sauti yake haikuwa ya mtu aliyetoka usingizini.

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nimemwota Mama."

Nilisikia maji yakichemka jikoni kwake.

"Amesema nini?"

"Amekuulizia wewe. Amesema nikuite."

"Uniite kufanya nini?"

"Sijui, Dada. Hata mimi sijaelewa."

Kisha nikamsikia anavuta pumzi kwa pua, kama alivyofanya siku ile tulipomaliza kumwosha Mama na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kutoka chumbani.

"Nitakuja," alisema. "Lakini kura yangu ni ile ile."

"Njoo nayo," nikamwambia.