Goti la Kulia

Msimu ule timu yetu ya chuo pale Nizwa haikufungwa hata mechi moja, na silaha yetu ilikuwa Kiswahili. Tulielekezana kwa lugha ya nyumbani, sisi watoto wa waliorudi kutoka Unguja, na wapinzani waliojua Kiarabu tu wakabaki kutukodolea macho. Fainali tukacheza na chuo cha Ibra. Wajinga sisi, kama kwamba Ibra nako hakuna waliorudi kutoka Unguja! Beki wao alikuwa na bendeji gotini. Mimi nahodha nikapiga kelele: "Goti la kulia! Mpigeni hapo hapo!" Wakampiga mara mbili, akatolewa kwa machela.

Mama yake akashuka jukwaani, akamwinamia, akamwambia kwa Kiswahili kile kile chetu: "Nilikwambia mwanangu, halijapona."

Nikamwamkia kwa mazoea: "Shikamoo, mama."

Akanitazama. "Marahaba, mwanangu. Kombe lako lile pale, kalichukue."