Jibu la Ndotoni

Muuza viungo wa Marikiti amefungua kopo la mvuje, na harufu yake kali imenirudisha chumbani kwa mwalimu wetu wa hesabu, mzee wa Kihindi wa Mji wa Kale aliyeutia mvuje katika kila mchuzi. Ukutani alitundika picha za wanahesabu wakubwa wa kwao, zimevishwa mashada ya asumini. Mmoja alikuwa na macho makali.

"Huyu akipewa majibu ndotoni, na mungu wao wa kike," mwalimu alituambia.

Kesho yake niliamka na jibu la hesabu iliyonishinda. Nyanya akaacha kumimina chai.

"Nani alokwambia?"

"Nimeota, nyanya."

"Hilo si lako, mwanangu. Umefuatwa na jini."

Akanifunga mvuje shingoni ndani ya kitambaa cheusi, jini lisinikaribie tena. Vidole vyake vilitetemeka, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikawa nachelea hata kusinzia, nisije nikayaona yale macho. Majibu hayakunijia tena.

"Nikufungie, mama?" auliza muuzaji.

Asubuhi hii binti yangu ameamka akicheka, akanitajia jibu la hesabu alilolikosa jana.

"Nifungie," namwambia, nikivificha vidole vyangu ndani ya buibui.